Namba ya Mapinduzi: mwongozo kamili wa kuichambua namba kubwa kwa kalamu na daftari

Namba za kwenye vitabu vya hisabati zimepikwa. Mwandishi akikuambia utafute vigawo tasa vya 360, ujue alianzia kwenye jibu akarudi kwenye swali, ndiyo maana namba inaachia kirahisi: 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5, kwisha habari. Mwanafunzi anatoka hapo akiamini namba zote ndivyo zilivyo. Kumbe nyingi ni kaidi, na ukaidi wenyewe una kanuni zake.

Kwenye tuisheni za jioni hapa Ngamiani, Tanga, napenda wanafunzi walete namba wenyewe, kwa sharti moja: isiwe imetungwa kwa ajili ya somo. Wanaleta namba za risiti, namba za tiketi za basi, tarehe. Mwongozo huu unafuata tarehe moja kutoka mwanzo hadi mwisho: 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, iliyoandikwa mfululizo bila nukta wala mkwaju. Tunapata 12,011,964. Hakuna mwalimu aliyeitengeneza ili igawanyike vizuri, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua.

Andaa orodha kwanza

Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye kalkuleta na orodha ya namba tasa hadi 151. Kwa nini 151 utaona mbele. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Usiitafute orodha hiyo mtandaoni; itengeneze kwa njia ya Eratosthenes, Mgiriki aliyefanya kazi Alexandria, Misri, karne ya tatu kabla ya Kristo. Andika namba zote kuanzia 2 hadi 151. Iache 2, futa vigawe vyake vyote vinavyofuata. Iache 3, futa vigawe vyake. Fanya hivyo kwa 5, 7 na 11, kisha simama. Huhitaji kwenda kwa 13, kwa kuwa 13 × 13 ni 169, tayari umepita mwisho wa orodha.

Zilizobaki zinapaswa kuwa 36. Zikizidi, angalia 91, 119, 133 na 143. Hizi nne zina sura ya utasa na zimewadanganya wengi: 91 ni 7 × 13, 119 ni 7 × 17, 133 ni 7 × 19, na 143 ni 11 × 13. Wanaokaa Ngamiani kati ya Barabara ya 7, ya 11 na ya 13 wanapaswa kuwa wa mwisho kudanganyika.

Ng'oa vigawo vidogo

Namba inaishia na 4, kwa hiyo ni shufwa. Usigawe kwa 2 mara moja moja. Angalia tarakimu mbili za mwisho, 64. Zinagawanyika kwa 4, basi namba nzima inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho, 964, ukizigawa kwa 8 unapata 120 na baki 4, kwa hiyo 8 haimo. Hapa kuna jambo dogo la kufurahisha: tarehe yoyote ya mwaka 1964 ikiandikwa hivi, mwaka ukiwa mwisho, itagawanyika kwa 4 na haitagawanyika kwa 8. Kilicho mbele ya mwaka ni kigawe cha 10,000, ambayo inagawanyika kwa 8, na 1964 yenyewe ni 4 × 491. Miaka mirefu yote, ile yenye 29 Februari, inagawanyika kwa 4, kwa hiyo tarehe zake zote zina tabia hii ya nne.

12,011,964 ÷ 4 = 3,002,991.

Sasa jumlisha tarakimu: 3+0+0+2+9+9+1 = 24. Inagawanyika kwa 3, haigawanyiki kwa 9.

3,002,991 ÷ 3 = 1,000,997.

Tarakimu za hii zinajumlika kuwa 26, kwa hiyo 3 haimo tena. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 nayo haimo. Hapa ndipo mwanafunzi wa vitabu anapokwama, kwa sababu kanuni alizokariri zimekwisha.

7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

Zidisha 7 × 11 × 13 upate 1001. Kwa sababu hiyo, unaweza kupima namba hizo tatu pamoja bila kugawa hata moja. Katakata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na jumlisha kwa zamu: fungu la kulia, toa linalofuata, jumlisha linalofuata.

1 | 000 | 997 inatoa 997 − 0 + 1 = 998.

Baki la 998 kwa 7, kwa 11 au kwa 13 ndilo baki la namba nzima. 998 ni pungufu ya 1001 kwa tatu tu, basi haiwezi kugawanyika kwa yoyote kati ya hizo. Tatu zimeondoka kwa hesabu ya mstari mmoja.

Mafungu hayohayo, ukiyajumlisha badala ya kupishanisha, yanakupa kipimo cha 37, kwa kuwa 999 ni 27 × 37. Tunapata 1 + 0 + 997 = 998, pungufu ya 999 kwa moja. 37 haimo.

Kazi ya kuchosha, na mahali pa kusimama

Kwa zilizobaki hakuna hila. Unagawa moja baada ya nyingine. Lakini kabla ya kuanza, jua mwisho wa safari uko wapi. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, moja kati ya hizo lazima iwe ndogo kuliko kipeuo cha pili cha namba hiyo, au iwe sawa nacho. Zote mbili zikikizidi, zao lao litaipita namba. Kipeuo cha pili cha 1,000,997 ni 1000 na kidogo. Kwa hiyo ukipima namba tasa zote hadi 1000 bila mafanikio, namba yenyewe ni tasa. Namba tasa chini ya 1000 ziko 168. Ni nyingi kwa jioni moja, ila zina mwisho.

Kalkuleta ya simu haikuambii baki, kwa hiyo fanya hivi: gawa, toa sehemu nzima, zidisha desimali iliyobaki kwa namba uliyogawia. Mfano, 1,000,997 ÷ 17 ni 58,882.176...; chukua 0.176..., zidisha kwa 17, upate 3. Ikija 2.99 ujue ni 3, kalkuleta imekata desimali. Andika kila baki kwenye daftari, usiamini kichwa.

Baki kwa 17 ni 3. Kwa 19 ni 1. Kwa 23 ni 14. Kwa 29 ni 4. Kwa 31 ni 7. Kwa 41 ni 23. Kwa 43 ni sifuri.

1,000,997 = 43 × 23,279.

Usikimbilie kushangilia. 23,279 haijathibitishwa kuwa tasa, na wanaoandika jibu hapa wanapoteza alama kwa haki kabisa. Habari njema ni kwamba mwisho wa safari umesogea karibu sana: kipeuo cha pili cha 23,279 ni 152 na ushei. Ndiyo maana orodha yetu inafika 151. Tena huhitaji kurudia zilizo chini ya 43, kwa kuwa namba ambayo haikuigawa 1,000,997 haiwezi kuigawa sehemu yake. Anza na 43 yenyewe, maana inaweza kuwemo mara mbili.

Haya hapa mabaki yote 23, uyalinganishe na ya kwako:

43→16, 47→14, 53→12, 59→33, 61→38, 67→30, 71→62, 73→65, 79→53, 83→39, 89→50, 97→96, 101→49, 103→1, 107→60, 109→62, 113→1, 127→38, 131→92, 137→126, 139→66, 149→35, 151→25.

Hakuna sifuri. 23,279 ni tasa. Tazama ilivyoponea: 97 imekosa kwa moja tu juu, 103 na 113 zimekosa kwa moja chini. Majirani wake wawili wamejaa vigawo: 23,280 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 5 × 97, na 23,278 ni 2 × 103 × 113. Katikati yao imekaa hii isiyoguswa na yeyote.

Jibu kamili, basi:

12,011,964 = 2² × 3 × 43 × 23,279.

Hakuna njia nyingine ya kuiandika kwa vigawo tasa, ukiacha kubadili mpangilio.

Hakiki kabla ya kuendelea

Kuzidisha upya kunasaidia, ila aliyekosea mara ya kwanza hukosea vilevile mara ya pili. Tumia kipimo cha tisa. Unganisha vigawo vidogo: 4 × 3 × 43 = 516. Tarakimu za 516 zinajumlika 12, kisha 3. Za 23,279 zinajumlika 23, kisha 5. Tatu mara tano ni 15, kisha 6. Za 12,011,964 zinajumlika 24, kisha 6. Zimekubaliana.

Kipimo hiki kina upofu: ukibadilishana tarakimu mbili mahali, hakioni. Kiongezee kipimo cha 11, unapotoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu kuanzia kulia. 516 inatoa 6−1+5 = 10. 23,279 inatoa 9−7+2−3+2 = 3. Zao ni 30, baki lake kwa 11 ni 8. Na 12,011,964 inatoa 4−6+9−1+1−0+2−1 = 8. Vipimo viwili vikikubaliana, makosa mengi ya kalamu yamekamatwa.

Sasa namba inajibu maswali

Jasho lote lilikuwa la kufika hapa. Ukishakuwa na vigawo tasa, maswali ambayo yangechukua wiki yanajibiwa kwa mstari.

Ina vigawo vingapi? Chukua kila kipeo, ongeza moja, zidisha. Vipeo ni 2, 1, 1, 1, kwa hiyo 3 × 2 × 2 × 2 = 24. Kuviorodhesha ni rahisi kwa sababu ya umbo la namba yetu: kwanza vigawo vya 516, yaani 1, 2, 3, 4, 6, 12, 43, 86, 129, 172, 258 na 516, halafu hivyohivyo kila kimoja kikizidishwa kwa 23,279. Basi. Kati ya 516 na 23,279 hakuna kitu, pengo tupu. Ukitaka kupanda miche 12,011,964 ya mkonge kwa mistari iliyo sawa bila mche kubaki, shamba lako lililo karibu zaidi na mraba lingekuwa na mistari 516 yenye miche 23,279 kila mmoja, shamba refu lisilo na upana wa maana. Hilo linatokana na kigawo tasa kimoja kikubwa, na hakuna mpangilio utakaoliponya.

Jumla ya vigawo vyake? Kwa 2² chukua 1+2+4 = 7; kwa 3 chukua 4; kwa 43 chukua 44; kwa 23,279 chukua 23,280. Zao lake ni 28,680,960. Ukiondoa namba yenyewe, vigawo vingine vyote vinajumlika 16,668,996, zaidi ya namba iliyovizaa. Wagiriki waliziita namba za aina hii zilizozidi. Ungeweza kujua hilo bila hesabu ndefu: kila kigawe cha 6 kinachozidi 6 kina tabia hiyo, kwa sababu nusu yake, theluthi yake na sudusi yake zikijumlishwa zinarudisha namba yenyewe kamili. Kwetu ni 6,005,982 + 4,003,988 + 2,001,994 = 12,011,964. Ongeza kigawo 1 tu na umeshaipita.

Ni kipeo cha pili cha namba nzima? Hapana; ingekuwa hivyo, vipeo vyote vingekuwa shufwa. Swali la mtihani linalofuata huwa ni lile la "zidisha kwa namba ndogo ipi ili iwe". Zidisha kwa zile zenye vipeo witiri: 3 × 43 × 23,279 = 3,002,991. Zao litakuwa kipeo cha pili cha 6,005,982.

Ni tofauti ya vipeo viwili vya pili? Ndiyo, kila kigawe cha 4 kinaweza: igawe kwa 4, ongeza moja, punguza moja. 3,002,992² − 3,002,990². Je, ni jumla ya vipeo viwili vya pili? Haiwezekani. Fermat alieleza kanuni na Euler akaithibitisha: kigawo tasa kinachoacha baki 3 kikigawanywa kwa 4 kinakataza jumla hiyo kikitokea mara witiri. Kwetu vyote vitatu vya witiri, 3, 43 na 23,279, vinaacha 3.

Namba ngapi, kuanzia 1 hadi hiyo yenyewe, hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Chukua namba, zidisha kwa 1/2, kwa 2/3, kwa 42/43, kwa 23,278/23,279. Gawa kwanza ndipo uzidishe, usije ukapata desimali: 6,005,982, kisha 4,003,988, kisha 3,910,872, kisha 3,910,704. Takriban theluthi moja.

Kuna moja ambayo wanafunzi huipenda kuliko zote. Idadi ya vigawo witiri, hapa vinane, ndiyo idadi ya njia za kuiandika namba kama jumla ya namba zinazofuatana, ukihesabu na ile ya namba yenyewe peke yake. Kwa tatu: 4,003,987 + 4,003,988 + 4,003,989. Kwa arobaini na tatu: igawe kwa 43 upate ya katikati, 279,348, kisha rudi nyuma hatua 21 na songa mbele hatua 21, kutoka 279,327 hadi 279,369.

KKS bila kuvunja chochote

Shuleni tunafundisha kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika kwa kuvunja namba zote mbili katika vigawo tasa. Kwa namba ndogo sawa. Kwa namba kubwa ni kujitesa, na kwa maoni yangu njia ya Euclid ingefundishwa mapema zaidi.

Chukua tarehe ya Muungano, 26 Aprili 1964: 26,041,964. Igawe kwa ya Mapinduzi, chukua baki: 2,018,036. Sasa gawa ya Mapinduzi kwa baki hilo, chukua baki jipya, endelea. Mabaki yanaporomoka: 1,921,784, kisha 96,252, 92,996, 3,256, 1,828, 1,428, 400, 228, 172, 56, 4, na 0. Baki la mwisho kabla ya sifuri ndilo KKS, yaani 4. Migawanyo kumi na mitatu tu, na hukuhitaji kujua kigawo tasa hata kimoja.

Ulinganishe na kuivunja 26,041,964 yenyewe. Toa 4, inabaki 6,510,491. Mafungu: 491 − 510 + 6 = −13. Kumbe 13 imo! Inabaki 500,807. Halafu kimya. Kipeuo chake cha pili ni 707, na ukipima namba tasa zote 126 hadi hapo, hakuna inayokubali. 500,807 ni tasa: Muungano ni 2² × 13 × 500,807.

Ukaidi ni jambo la kawaida

Utaona mfano ule ule mara mbili: vigawo vichache vidogo, halafu kimoja kikubwa kinachozidi kipeuo cha pili cha namba nzima. Si bahati mbaya ya mwaka 1964. Kati ya namba kubwa, takriban 69 katika kila 100 ziko hivyo.

Na ukubwa unaongeza ugumu kwa kasi. Tokeni ya LUKU, ile ya kununulia umeme, ina tarakimu 20. Ukitaka kuivunja kwa njia yetu, unaweza kulazimika kupima namba tasa zote hadi bilioni kumi, nazo ni 455,052,511. Kwa moja kila sekunde, bila kulala, ni miaka 14 na zaidi. Kompyuta ina njia bora kuliko hii na itamaliza upesi, lakini nayo ina ukomo wake. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walijenga juu ya ugumu huo njia ya kuficha ujumbe, RSA, ambayo bado inatumika kulinda mawasiliano ya intaneti: zidisha namba tasa mbili kubwa sana, tangaza zao, ficha zenyewe. Zao la tarakimu 250, lililowekwa kama changamoto, lilivunjwa Februari 2020 kwa kompyuta nyingi. Kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takriban miaka 2,700.

Ya kwako: 9 Desemba 1961

Fanya peke yako 9,121,961, tarehe ya Uhuru wa Tanganyika. Ni witiri, tarakimu zinajumlika 29, na mafungu yanatoa 961 − 121 + 9 = 849, kwa hiyo 3, 7, 11 na 13 zote hazimo. Ukifika 23 utapata sifuri, na itabaki 396,607. Kipeuo chake cha pili ni 629, kwa hiyo refusha orodha yako na usichoke mapema: utapita namba tasa nyingi bila kitu, hadi 199, itakayokuachia 1,993.

Hapo usianze kupima upya. Namba tasa zote chini ya 199 umeshazikataa, na 1,993 ni ndogo mno kuliko 199 × 199, ambayo ni 39,601. Haina pa kuficha kigawo. Andika 23 × 199 × 1,993, kisha hakiki kwa tisa na kwa kumi na moja.